Betri mpya, asubuhi gari haiwaki: ni redio au amplifaya? Mafundi naomba mwongozo

dereva_kaskazini

Assalaam alaikum wakubwa kwa wadogo.

Nina Toyota Noah ya mwaka 2004, naendeshea wageni kati ya uwanja wa ndege na Nungwi, siku nyengine Kendwa, siku nyengine mjini kwa wanaotembezwa Mji Mkongwe. Gari haikuwa na tatizo lolote la umeme. Redio iliyokuja nayo kutoka Japani ilikuwa na maandishi ya Kijapani matupu na FM yake inaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa haishiki. Nikaitoa. Nikafungiwa redio ya Android yenye kioo kikubwa, kamera ya nyuma, amplifaya ya njia nne, na sabufa chini ya kiti cha nyuma. Mziki ni safi na wageni wanafurahi.

Tangu hapo gari imeharibika tabia. Nikiitumia kila siku inawaka, ingawa asubuhi stata inazunguka kwa uvivu. Nikiilaza siku mbili, nikija naambulia tik tik tik na taa za dashibodi zinafifia. Betri ya zamani niliambiwa imekufa, nikanunua mpya, saizi ya NS60. Sasa na hiyo mpya imeanza yale yale.

Fundi aliyefunga redio anasema redio haihusiki, kwani nikiizima kwa kitufe chake kioo kinazima. Mwengine kasema alteneta. Mwengine kasema ninunue betri kubwa zaidi. Kila mmoja ana lake, na kila lake ni pesa. Juzi alfajiri nilikuwa na familia ya kuwahisha ndege, gari kimya. Ilibidi niwatafutie gari ya mwenzangu na ujira ukaenda huko.

Naomba nielekezwe nianzie wapi. Mita naweza kuazima.

mpenda_mziki

Yakhe usihangaike. Nunua kata-auti ya betri, ile ya kuzungusha kwa mkono, ifunge kwenye hasi. Ukilaza gari unakata, asubuhi unarudisha. Mimi ninayo mwaka wa pili huu, betri haijanisumbua.

pwani_kusini

Mimi niko Jambiani, gari inalala hatua chache kutoka baharini. Kabla ya yote fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, vua klempu, mwagia maji ya moto yenye magadi, sugua kwa brashi ya chuma, kausha, funga, kisha paka grisi. Huku kwetu chumvi inaingia kila mahali, khasa upepo wa kusi ukishika. Klempu yenye ukoga haipitishi chaji vizuri kwenda wala kurudi.

fundi_umeme_unguja

Waalaikum salaam. Kaka dereva, usinunue kitu chengine chochote mpaka upime. Umeshalipia betri moja kwa kubahatisha, inatosha.

Aliyosema pwani_kusini ni kweli, safisha vichwa kwanza, maana vipimo vyote vinapita hapo. Baada ya hapo una maswali matatu, na kila moja lina jibu lake kwenye mita.

La kwanza, betri imejaa au haijajaa? Mita iweke kwenye volti za DC, nyekundu chanya, nyeusi hasi. Pima baada ya gari kupumzika saa kadhaa na kabla hujawasha kitu. Betri nzima iliyojaa inasoma 12.6 hivi au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo. Chini ya 11.8 hiyo ni tupu, usishangae stata kugoma.

La pili, alteneta inachaji? Washa gari, pima pale pale. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inafanya kazi yake. Washa taa kubwa, feni na kiyoyozi, upime tena. Isishuke chini ya 13.5 hivi. Ukiona 12 na kitu huku injini inanguruma, hapo ndipo tuzungumze habari za alteneta, sio kabla.

La tatu ndilo ninaloona litakuwa lako: kuna kitu kinakula umeme gari ikiwa imezimwa? Gari yoyote inakula kidogo ikiwa imelala, kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta. Kidogo hicho ni miliampia 20 hadi 50. Ikizidi hapo sana, kuna mtu hajalala.

Namna ya kupima. Sikiliza kwa makini, hapa watu huunguza mita.

Waya mwekundu wa mita uhamishe kwenye tundu lililoandikwa 10A, swichi ya mita iweke kwenye ampia za DC. Zima gari, toa ufunguo. Teremsha kioo cha dereva usije ukajifungia nje. Ukitaka mlango ubaki wazi, lifunge komeo lake kwa bisibisi ili gari idhani mlango umefungwa, na ukumbuke kulifungua kabla ya kuurudisha. Sasa vua klempu ya hasi kwenye betri. Ncha moja ya mita iguse kichwa cha hasi cha betri, ncha nyengine iguse ile klempu uliyoivua. Umeme wote wa gari sasa unapita ndani ya mita. Ukiwa hivyo usiwashe gari wala usizungushe ufunguo hata kidogo. Stata inavuta zaidi ya ampia 100 na mita yako ni ya ampia 10.

Usiandike namba ya kwanza unayoiona. Ukirudisha umeme, kompyuta na redio huamka kwa muda. Subiri nusu saa, kisha soma. Leta namba hapa.

dereva_kaskazini

Ahsante sana fundi. Vichwa vya betri nimesafisha, kilikuwepo kiunga cheupe kidogo upande wa chanya.

Nimepima. Asubuhi kabla ya kuwasha 12.1. Injini ikiwaka 14.2, na taa, feni na kiyoyozi vyote wazi 13.9.

Nimeichaji betri kwa chaja ya jirani usiku kucha, ikasoma 12.7. Kisha nikapima ampia kama ulivyosema. Mwanzo ilikuwa 1.6, ikashuka, na baada ya nusu saa ikasimama kwenye 0.85. Haikushuka tena.

mpenda_mziki

Ampia moja haifiki, hiyo ndogo. Taa moja tu ya mbele inakula zaidi ya hapo.

fundi_umeme_unguja

Taa ya mbele inakula zaidi, lakini taa ya mbele unaizima. Hii inakula usiku na mchana.

Piga hesabu, ndugu yangu. 0.85 ni miliampia 850, kama mara 17 ya kile kikomo cha juu nilichotaja. Kwa saa 24 ni 0.85 mara 24, yaani ampia-saa 20.4. NS60 mpya kabisa, iliyojaa, ina ampia-saa 45 hivi. Ukiegesha Ijumaa saa mbili za usiku ukaja Jumapili saa mbili za asubuhi, zimepita saa 36, zimeondoka 30.6. Imebaki chini ya theluthi, na kwa hali hiyo stata ya injini ya lita 2 ni bahati nasibu. Ndiyo maana ukilaza siku moja unapona na ukilaza mbili unakwama. Gari yako haina mashetani, inafuata hesabu.

Kwa hiyo alteneta haikuhusika na betri ya zamani huenda nayo haikuwa na kosa. Yule aliyekwambia ununue kubwa zaidi angekununulia siku moja ya ziada tu, kisha ungerudi pale pale.

Jengine la kulijua: betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kumalizwa. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha kujazwa papo hapo. Kila ikilala tupu, madini ya risasi ndani yake yanajijengea ganda la salfeti, na likikaa muda linakuwa gumu, haliondoki tena kwa chaji. Betri inabaki inasoma 12.5 lakini tumbo lake limekuwa dogo. Joto la kwetu linaiharakisha. Ndiyo maana nakuhimiza ulimalize hili mapema, betri yako mpya inaumia kila inapolala namna hiyo.

Sasa msake anayekula. Mita iache pale pale. Nenda kwenye sanduku la fyuzi, toa fyuzi moja, angalia namba, irudishe, nenda nyengine. Anza na iliyoandikwa RADIO, kisha DOME (ya taa ya ndani), kwa sababu katika Toyota nyingi umeme wa kudumu wa redio unapita katika mojawapo. Fanya ya ndani ya gari, na ya ndani ya boneti. Awepo mtu wa kukusomea mita.

umeme_chake

Nyongeza kutoka Pemba. Kwa gari za karibuni zenye kompyuta nyingi, kutoa na kurudisha fyuzi kunaziamsha tena na kukuvurugia kipimo. Ipo njia ya bila kutoa. Juu ya kila fyuzi kuna vidoa viwili vya chuma vilivyo wazi. Mita iweke kwenye milivolti, gusa vidoa vyote viwili kwa pamoja. Ikisoma sifuri hakuna umeme unaopita. Ikisoma kitu, hata sehemu ya kumi ya milivolti, basi njia hiyo iko macho, ifuate.

mwalimu_wete

Assalaam alaikum. Samahanini naingilia, nina tatizo la namna hii kwa Toyota IST yangu na ningependa kufuatilia hapa hapa. Mimi nimefunga redio ya kawaida tu, ya Bluetooth na USB. Kila nikizima gari, stesheni zote nilizohifadhi zinapotea na saa inarudi mwanzo. Na betri nayo inalala, khasa wiki za likizo ya skuli gari ikikaa. Je, ni redio?

fundi_umeme_unguja

Waalaikum salaam mwalimu, umekaribishwa.

Kusahau stesheni kwako kuna sababu moja inayojulikana sana. Nyuma ya redio karibu zote za kununua kuna waya wa njano na waya mwekundu. Wa njano unatakiwa upate umeme wakati wote, ndio unaotunza kumbukumbu na ndio unaoilisha redio yenyewe. Mwekundu unatakiwa upate umeme pale tu ufunguo unapofika ACC (hatua ya ufunguo inayowasha redio kabla ya injini), huo ni wa kuiambia redio amka. Fundi akivigeuza, wa njano ukaenda ACC na mwekundu ukaenda kwenye wa kudumu, redio itaimba vizuri tu ukiwa safarini, lakini ukitoa ufunguo inasahau kila kitu. Dawa yake ni kuvibadilisha nafasi.

Lakini kwa hali hiyo ya kugeuzwa, redio ikizimwa inakuwa imekatiwa chakula chake kikuu, kwa hiyo siamini kuwa ndiyo inayomaliza betri yako. Una matatizo mawili tofauti yaliyokutana. Pima ampia kama nilivyomwelekeza dereva. Na kabla ya hapo fanya jambo moja jepesi: weka simu ndani ya buti ikiwa inarikodi vidio, funga buti, subiri dakika moja, ifungue uitazame kama taa ya buti ilizima.

dereva_kaskazini

Nimerudi. Kijana wangu alikaa na mita, mimi kwenye fyuzi.

Nilipotoa RADIO namba ikashuka kutoka 0.85 hadi 0.47. Kwa hiyo redio inakula 0.38 na kioo kimezimwa! Nimemwonesha fundi wangu kwa simu, kanyamaza.

Sasa hiyo 0.47 iliyobaki imenishinda. Nimetoa fyuzi zote, za ndani na za kwenye boneti, moja baada ya moja, hata zile kubwa. Hakuna iliyotikisa namba.

pwani_kusini

Inaweza kuwa alteneta ndiyo inavujisha. Dayodi zake zikichoka zinaruhusu umeme urudi nyuma hata gari ikiwa imezimwa, na ikichaji unaona 14 kama kawaida. Na waya wake mkubwa haupiti kwenye zile fyuzi ndogo.

fundi_umeme_unguja

Hoja nzuri hiyo, na hutokea. Ingekuwa gari isiyofungwa kitu ningemwambia auvue waya wa alteneta apime. Lakini huyu ana amplifaya.

Kaka dereva, rudi kwenye betri. Kwenye klempu ya chanya utaona waya mnene ambao hautoki kiwandani, mara nyingi ni mwekundu, umepenya ukuta wa injini unaingia ndani. Huo ndio unaoilisha amplifaya, na umetoka betri moja kwa moja. Haugusi sanduku la fyuzi la gari hata kidogo, ndiyo maana umetoa zote na namba haikutikisika. Wengi wanakwama hapa hapa, wanasema fyuzi zote zimetolewa basi tatizo ni betri.

Nenda ilipo amplifaya, gari ikiwa imezimwa na imeshalala. Itazame taa yake. Iguse.

dereva_kaskazini

Fundi, Mwenyezi Mungu akulipe.

Nimesubiri usiku, gari imezimwa tangu magharibi. Nimeinama chini ya kiti bila ya tochi. Taa ndogo ya kijani inawaka. Nimeweka kiganja juu ya bati lake, lina uvuguvugu, saa tatu baada ya kuzima gari. Nikaichomoa fyuzi yake iliyo kwenye waya mnene, mita ikaanguka kutoka 0.47 hadi 0.03.

Kumbe haikuwahi kulala hata usiku mmoja tangu ifungwe.

fundi_umeme_unguja

Alhamdulillah. 0.03 ndiyo gari yako yenyewe, miliampia 30, haina lawama.

Sasa kwa nini haikulala. Amplifaya ina nyaya tatu za umeme: chanya nene kutoka betri, hasi nene kwenye bodi, na waya mmoja mwembamba wa kuamshia, kwenye soketi yake huandikwa REM. Ikipata volti 12 kwenye REM inaamka, ikikosa inalala. Redio ina waya wake maalumu kwa kazi hiyo, wa buluu wenye mstari mweupe. Kwako naweza kusema bila kuona kuwa REM imeunganishwa na umeme wa kudumu, kwenye chanya ya amplifaya yenyewe. Fundi anafanya hivyo akiwa na haraka, kwani mziki unatoka na mteja anaondoka ameridhika.

Na redio, nadhani utakuta nyekundu na njano zimesokotwa pamoja. Hilo analifanya mtu asiyetafuta waya wa ACC, au mteja aliyetaka mziki bila ya ufunguo. Redio ya Android ni kompyuta kamili. Kioo kuzima si dalili ya kulala. Mwekundu ukiwa na umeme saa zote, inadhani uko safarini tu, inabaki na Bluetooth yake, GPS yake na feni yake.

Ivue redio, piga picha ya viungio, tuone.

mpenda_mziki

Sasa ndiyo nasema, kata-auti ingemaliza yote haya kwa dakika kumi.

fundi_umeme_unguja

Ndugu yangu, kata-auti siipingi kwa gari inayoegeshwa mwezi mzima, au kwa kujihami na wezi. Ninachopinga ni kuifanya dawa ya ugonjwa usioujua. Dereva angefunga kata-auti leo, kila asubuhi angekuta saa imerudi mwanzo, vioo vya umeme vinataka kufundishwa upya, injini inatetema kidogo mpaka kompyuta ijipange. Na siku atakayosahau kuizungusha, ndiyo siku ya mgeni wa alfajiri. Juu ya hayo, waya uliosokotwa vibaya ungebaki mle mle nyuma ya dashibodi. Waya mnene wa amplifaya usiolindwa vizuri ni hatari ya moto. Kukata hasi usiku hakukukingi mchana ukiwa na watu saba ndani ya Noah.

mpenda_mziki

Hapo kwenye moto nimekuelewa. Yangu nitaipima wiki hii.

mwalimu_wete

Nimefanya ile ya simu ndani ya buti. Vidio inaonesha taa ya buti inawaka muda wote, buti limefungwa! Nimetazama kile kitufe kinachobonyezwa na mlango, kimekwama ndani, kimejaa vumbi na kutu. Nimeitoa balbu kwa sasa, ni ya wati 5.

umeme_chake

Mwalimu, wati 5 gawa kwa volti 12 ni ampia 0.4 hivi. Kwa siku ni ampia-saa 10. Betri ya IST ndogo, siku tatu nne za likizo inakwisha. Kitufe chenyewe kinasafishika kwa dawa ya kunyunyizia ya kuondoa kutu, kikigoma badilisha. Na redio ukija Chake nitakubadilishia zile nyaya mbili, kazi yenyewe haifiki nusu saa.

dereva_kaskazini

Nimevua redio. Fundi kana kwamba ulikuwepo. Nyekundu na njano zimesokotwa pamoja kwa mkono, zikaunganishwa na waya mmoja wa gari wa buluu wenye mstari wa njano, juu yake tepu ya nailoni iliyoyeyuka gundi, inateleza ukiigusa. Ndani ya tepu shaba imegeuka kijani. Ile ya buluu na nyeupe ya redio haikuunganishwa na kitu, imekunjwa na kufungwa tepu. Na REM ya amplifaya imeunganishwa na chanya nene ya amplifaya yenyewe.

Waya wa gari wa kijivu umekatwa, unaning'inia peke yake.

fundi_umeme_unguja

Huo wa kijivu ndio ACC yako. Katika soketi za Toyota, buluu na njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni ACC, kahawia ni hasi, kijani ni wa taa za dashibodi. Lakini rangi zisikutoshe, gari hizi zimepitia mikono mingi. Thibitisha kwa mita: ufunguo ukiwa nje, kijivu isome sifuri. Ufunguo ukifika ACC, isome 12. Ukitoa ufunguo, irudi sifuri. Buluu na njano isome 12 wakati wote.

Ukisharidhika, vua hasi ya betri kwanza, kisha unganisha hivi. Njano ya redio na buluu-njano ya gari. Nyekundu ya redio na kijivu. Nyeusi na kahawia. Buluu-nyeupe ya redio iende REM ya amplifaya, na usiifunge na kitu kingine. Kama kamera ya nyuma inachukua umeme wake kwenye taa ya rivasi iache hapo. Ikiwa nayo imetiwa kwenye njano, ihamishe.

Ile shaba ya kijani usiitumie tena. Kata mpaka uone shaba inayong'aa, lehemu kwa risasi, kisha vishe mpira wa kusinyaa kwa moto. Tepu peke yake kwa unyevu wetu na joto la dashibodi haifiki masika mawili. Bora zaidi nunua soketi ya kuunganishia ya Toyota, inaingia kwenye soketi ya gari bila ya kukata kitu. Kwako imeshakatwa, lakini wanaosoma hapa na bado hawajafunga, dai soketi hiyo kabla fundi hajashika kisu.

Mwisho ingia kwenye mipangilio ya redio, nyingi zina sehemu ya kuchagua ikizimwa ilale muda gani kabla ya kujifunga kabisa. Zinalala nusu nusu ili ziwake upesi, na wakati huo zinaendelea kula. Wewe unayelaza gari siku mbili tatu, chagua muda mfupi. Itachelewa kuwaka nusu dakika asubuhi, si neno.

dereva_kaskazini

Kazi imekwisha. Tumefanya na fundi yule yule aliyefunga mwanzo, nimemkalia pembeni na simu yenye maelezo haya, naye kakubali kurekebisha bila ya malipo. Waya wa kijivu ulithibitika kwa mita. Amplifaya sasa inawaka redio ikiwaka na inazima ikizima, taa ya kijani inakufa mbele ya macho yangu.

Kipimo baada ya nusu saa: 0.04. Gari imelala kuanzia Alkhamis usiku hadi Jumapili, betri ikasoma 12.5, stata ikashika mara moja.

Kitu kimoja kinanisumbua. Ile fyuzi ya waya mnene iko chini ya kiti, karibu na amplifaya. Ndipo inapotakiwa?

fundi_umeme_unguja

Hapana, na hilo lirekebishwe kabla hujapakia wageni. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya. Ikiwa iko chini ya kiti, mita tatu nne za waya kutoka betri mpaka hapo hazina ulinzi. Pale unapopenya ukuta wa injini, bati likiukwangua mpaka shaba iguse bodi, betri itamwaga yote iliyonayo kwenye waya huo na hakuna wa kuikata. Fyuzi iwe ndani ya boneti, isizidi shubiri mbili kutoka kichwa cha betri. Na kwenye tundu la ukuta uvishe raba.

Ukubwa wake uendane na unene wa waya, usizidi kile waya unachoweza kubeba. Soma na ubavuni mwa amplifaya fyuzi zake ni ampia ngapi. Kama zina 30, weka 30 kule mbele, na waya uwe wa kuibeba hiyo. Ukikuta waya ni mwembamba kuliko inavyotakiwa, badilisha waya, usiongeze fyuzi. Nitumie picha ya maandishi yaliyo juu ya waya, nikwambie kama unafaa.